Kutoka Maporomoko ya Sezibwa hadi Magofu ya Namasagali: Namna ya Kupanga Safari ya Siku Moja kwa Gari

Mgeni anayetoka Kampala kwenda Jinja kwa kawaida huambiwa akatazame chanzo cha Mto Naili, apande mashua, ale samaki, kisha arudi zake. Matembezi hayo hayana ubaya, lakini humwacha katikati ya hadithi. Kaskazini mwa Jinja, mwisho wa barabara ya vumbi inayotoka Kamuli, ipo bandari iliyokufa iitwayo Namasagali, nayo haieleweki vizuri mpaka mtu awe ameyaona kwanza maporomoko yaliyo kati yake na Ziwa Victoria. Meli za mvuke zilizokuwa zikivuka Ziwa Kyoga na shehena za pamba hazikuweza kupanda mto zaidi ya hapo, kwa kuwa mbele yake maji yalikuwa yakianguka juu ya mawe mahali baada ya mahali. Ndipo reli ikajengwa kuyakwepa maporomoko, na ndiyo sababu magofu yapo pale yalipo. Kwa hiyo fuata vituo kwa utaratibu ulioelezwa hapa, maporomoko kwanza na bandari mwisho, kwani ukianza na magofu utaona kuta tu.

Umbali wote, kuanzia Kampala hadi Namasagali na kurudi kulala Jinja, ni kati ya kilomita 250 na 300 ukihesabu na michepuko. Kampala hadi Jinja ni takriban kilomita 80, Jinja hadi Kamuli ni takriban 60, zote za lami, na kutoka Kamuli hadi Namasagali zimebaki kama 25 za changarawe. Kwa hesabu za karatasi hizo ni saa chache, lakini barabara ya Kampala–Jinja haifuati hesabu za karatasi: ndiyo njia ya malori yote yanayotoka Malaba na Busia, na lori moja likiharibika mlimani linaweza kukugharimu asubuhi nzima. Ondoka Kampala saa 11:30 alfajiri. Ukiondoka saa 2:00, futa kabisa Namasagali katika mpango wako na ubaki na maporomoko peke yake, maana kuikimbilia bandari ile jioni kwa haraka ni hatari na hakuna faida.

Kuhusu majira, miezi ya Januari na Februari, na tena Juni na Julai, ndiyo yenye barabara kavu, na gari dogo la kawaida linatosha. Katika mvua za Machi hadi Mei na za Septemba hadi Novemba maporomoko ya Sezibwa hupendeza zaidi, ila udongo wa Busoga, nchi iliyo mashariki mwa Naili, ukilowa huteleza kama sabuni, na hapo utahitaji gari lililoinuka na dereva aliyezoea. Mimi niliwahi kukwama mtaroni njia ya Namasagali baada ya mvua ya nusu saa tu, na walionitoa walikuwa wanafunzi wanane waliokuwa wakitoka shule. Tangu siku hiyo hubeba kamba ya kuvutia gari na jozi ya viatu vya mpira. Hakikisha leseni, bima na gurudumu la akiba viko sawa, jaza tangi Jinja badala ya kutegemea vituo vidogo vya mbele, na uwe na fedha taslimu za noti ndogo ndogo, kwa sababu viingilio, waongozaji na wauza matunda hawana chenji asubuhi.

Kabla ya kutoka, jambo moja la lugha. Kiswahili kitakusaidia njia nzima, hasa kwa madereva wa malori, polisi na wafanyabiashara, lakini katika vijiji vya Buganda na Busoga wapo wazee ambao bado wanakisikia kama lugha ya askari wa zamani walioitumia kuamrisha na kutisha watu. Usianze nacho. Anza na «Wasuze otya, ssebo» au «nnyabo» upande wa Buganda, na «Kodheyo» ukishavuka Naili kuingia Busoga, kisha omba ruhusa ya kuendelea kwa Kiswahili. Nimeona milango ikifunguka kwa salamu hiyo moja kuliko kwa noti ya shilingi elfu kumi.

Ukishapita Mukono utafika Namawojjolo, ambako wachuuzi waliovaa koti za kazi huukimbilia kila dirisha la gari wakiwa na vijiti vya muchomo, yaani nyama ya kuchoma, mapaja ya kuku na gonja, ndizi za kuchoma. Nunua gonja zikiwa moto na uziweke kwa ajili ya njiani. Nyama ichague mwenyewe kwa macho, usipokee iliyosukumwa dirishani huku gari likiwa bado linatembea. Kutoka hapo endelea kwa mwendo wa taratibu na uwe macho na kibao cha Maporomoko ya Sezibwa katika eneo la Kayanja. Unaingia kulia na kufuata barabara ya udongo kwa kilomita chache, ukipita mashamba ya chai na miwa.

Sezibwa si maporomoko makubwa. Anayetafuta kishindo atakipata Itanda baadaye. Hapa kinachotazamwa ni jinsi mto mwembamba unavyogawanyika juu ya mwamba mweusi, ukaanguka penye kivuli na kutulia chini kama haukuanguka, halafu ukaendelea kaskazini hadi Ziwa Kyoga, ziwa lile lile ambalo jioni utakuwa karibu na mlango wake. Mahali hapa ni urithi wa ufalme wa Buganda na ni mahali pa ibada. Masimulizi ya Waganda yanasema kwamba mwanamke aitwaye Nakangu, akiwa safarini, alijifungua pacha, lakini badala ya watoto yalitoka maji, na pacha hao ni mto Sezibwa na mto Bwanda. Ndiyo maana utawakuta wazazi wa pacha wakija kushukuru, na utaona mayai, punje za kahawa na sarafu zimewekwa kwenye mapango madogo ya miamba. Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda, alifika hapa na kupanda mti, na waongozaji watakuonyesha.

Lipa kiingilio, mchukue mwongozaji, na umuulize kabla ya kupiga picha ya madhabahu au ya mtu anayesali. Ukiambiwa uvue viatu, vua. Usiguse wala usihesabu sarafu, hata kwa mzaha, na watoto waelezwe hayo mapema wakiwa bado garini. Panda ngazi za kando hadi juu ya maporomoko, kwa sababu mgawanyiko wa mto unaonekana vizuri kutoka huko kuliko kutoka chini, lakini usikanyage mwamba wenye ukungu wa kijani. Saa moja inatosha.

Kutoka Sezibwa utapita Lugazi, mji uliokua kwa kiwanda cha sukari, kisha utaingia msitu wa Mabira, ambao hifadhi yake ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 300. Yapo maporomoko mengine ndani ya msitu huu, yaitwayo Griffin, lakini kuyafikia kunahitaji nusu siku peke yake, hivyo leo yaache. Fungua madirisha, zima redio, endesha polepole kwa sababu ya malori na nyani, na upite.

Jinja unaingia kwa daraja jipya la nyaya lenye urefu wa mita 525, lililofunguliwa Oktoba 2018. Usisimamishe gari juu yake ili kupiga picha. Askari wapo, na hawasikilizi maelezo. Kabla ya daraja hilo magari yote yalipita juu ya ukuta wa bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na Malkia Elizabeth II wa Uingereza na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Bwawa hilo nalo lisipigwe picha.

Nenda moja kwa moja kwenye bustani ya chanzo cha Naili upande wa Jinja, si upande wa Njeru, kwa kuwa safari yako yote iliyobaki iko ukingo wa mashariki. Upande wa pili ndiko liliko jiwe la kumbukumbu la John Hanning Speke, aliyefika hapo tarehe 28 Julai 1862 na kuyaita maporomoko aliyoyakuta Ripon, kana kwamba wenyeji hawakuwa na jina lao. Walikuwa nalo, na ndilo lililoupa mji jina: Jinja hutokana na neno la mawe. Ukisimama ukingoni hapa utauliza maporomoko yenyewe yako wapi. Yamezama. Bwawa lilipojengwa, mwamba wa Ripon ulichimbwa na maji yakapanda juu yake, na maporomoko ya Owen yakamezwa na bwawa lenyewe. Kinachobaki ni msukosuko mdogo wa maji katikati ya mto, ambao waendesha mashua hukuonyesha na kuuita chemchemi. Mashua si lazima, na bei yake hupatanwa kabla ya kupanda, si baada ya kushuka. Katika bustani hiyo hiyo ipo sanamu ya Mahatma Gandhi, kwani sehemu ya majivu yake ilimwagwa katika mto huu mwaka 1948.

Jambo ambalo wageni wengi hulikosa ni daraja la reli. Litafute kwa macho kabla hujaondoka. Lilikamilishwa mwaka 1931, na ndilo lililoifikisha reli ya Mombasa hadi Kampala. Kabla ya mwaka 1928 Jinja ilikuwa mwisho wa njia moja na mwanzo wa nyingine: mizigo ilivuka Ziwa Victoria kwa meli kutoka Kisumu, ikashushwa hapa, na ile ya kwenda kaskazini ikapakiwa kwenye mabehewa ya Reli ya Busoga, njia fupi ya takriban kilomita 100 iliyofunguliwa mwaka 1912 kutoka Jinja hadi Namasagali. Ndiyo reli utakayoifuata mchana wote, ingawa sehemu kubwa ya njia utakuwa huioni. Saa 5:00 uwe umeshatoka Jinja.

Kilomita kama 10 kaskazini ni Bujagali. Zamani mwongozo wowote wa safari ungekuambia utumie hapa nusu siku, kwani mawe na mawimbi ya Bujagali yalijulikana duniani kote na palikuwa pia makao ya roho Budhagaali anayeheshimiwa na Wasoga. Mwaka 2011 maji ya bwawa jipya yaliyafunika, na mwaka uliofuata mitambo ya megawati 250 ikaanza kazi rasmi. Sasa ni ziwa tulivu lenye mandhari nzuri ya kunywea chai. Kwa maoni yangu usimame dakika kumi tu, utazame utulivu ule, ili ukifika Itanda ujue ni kitu gani kilichokuwa hapa.

Njia ya kwenda Itanda inaachana na barabara ya Kamuli upande wa kushoto na kupita Budondo. Vibao si vya kutegemea. Simama kwenye kijiwe cha bodaboda na uulize Itanda, na ukiona kila mtu ananyoosha mkono upande mmoja, fuata. Utayasikia maporomoko kabla ya kuyaona. Hapa Naili nzima, maji yote yanayotoka Ziwa Victoria, inaingia katika mteremko wa miamba na kupasuka katika mikondo kadhaa, mweupe kama pamba iliyochambuliwa, na mshindo wake unatingisha kifua ukiwa umesimama ukingoni. Mkondo mkuu ni mkali kiasi kwamba hata wanaoshuka mto kwa mashua za mpira za kupulizwa hubeba vyombo vyao nchi kavu ili kuukwepa. Ng'ambo ya pili, katika wilaya ya Kayunga, yanaitwa Kalagala. Yamebaki hai kwa sababu ya mapatano: serikali ya Uganda ilipopata msaada wa Benki ya Dunia kwa ajili ya bwawa la Bujagali, ilikubali kwamba Kalagala na Itanda zisiguswe kwa umeme. Hata hivyo bwawa la Isimba la megawati 183, lililozinduliwa mwaka 2019 chini zaidi ya mto, lilizamisha baadhi ya mikondo iliyokuwa chini ya hapa, kwa hiyo tazama vizuri ukiwa na nafasi.

Hapa ndipo pa kutumia muda. Tandika mkeka chini ya mti, kula gonja zako, na mwachie kila mtu saa nzima ya kukaa bila kufanya lolote. Lakini yapo mambo matatu ya kushika. Mawe ya ukingoni yamesuguliwa na maji kwa miaka mingi hadi yakawa kama vigae, na anayeteleza hapa haokolewi, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono muda wote. Watakuja vijana watakaojitolea kuogelea katika mkondo kwa kushikilia dumu tupu, ili uwalipe. Usiwalipe, kwa sababu fedha hiyo ndiyo inayowarudisha majini kesho. Na hata penye maji yaliyotulia kando ya mto usioge, kwani kichocho kipo. Ukitaka kutoa fedha, mpe mwongozaji wa kijiji, au nunua maji na matunda kwa mama aliyekaa langoni.

Rudi barabara kuu saa 7:30 na uelekee Buwenge na Kamuli. Sehemu hii ni ya miwa. Matrekta yanayovuta matela mawili yaliyojaa hadi kumwagika hutembea katikati ya barabara, mara nyingi bila taa, na miwa iliyodondoka hulala juu ya lami. Usiyapite mahali penye kona, na kwa sababu hiyo hiyo usipange kurudi njia hii usiku wa manane. Mwenye kupenda reli anaweza kuchepuka kwenda Mbulamuti, mahali ambapo mwaka 1928 reli iliyotoka Mombasa kupitia Tororo iliungana na Reli ya Busoga. Kuanzia hapo pamba haikuhitaji tena kuvuka Ziwa Victoria kwa meli ili ifike pwani. Mwenye haraka apite.

Kamuli ni mahali pa chakula cha moto cha mchana, kwa kuwa mbele hakuna uhakika. Hoteli ndogo za karibu na soko zina matoke, viazi vitamu, maharage na samaki wa mchuzi, na sahani inakuja mara moja. Hapo hapo uliza hali ya barabara ya Namasagali. Waulize madereva wa bodaboda, si mwenye hoteli, maana wao wametoka huko asubuhi.

Namasagali inakuja bila kishindo. Barabara inashuka kidogo, miembe mizee inajipanga kando, na ghafla unaona kwamba nyumba zimekaa kwa mistari, kwa mpango wa mtu aliyekuwa na rula, si kwa mpango wa kijiji. Huo ndio mji wa reli. Baada ya bandari kufa, majengo yake yalipewa shule ya sekondari katika miaka ya 1960, Chuo cha Namasagali, ambacho kilipata sifa nchini kwa michezo ya kuigiza na dansi, na baadaye chuo kikuu pia kikaweka tawi lake hapo. Maana yake kwa mgeni ni kwamba magofu haya yako ndani ya eneo la wasomi: simama getini, jitambulishe, omba ruhusa, andika jina kitabuni, na kama ni wakati wa mitihani uwe tayari kukataliwa kwa upole na kutazama kutoka ufukweni tu. Hakuna tiketi wala mwongozaji rasmi. Muulize mzee yeyote wa kijiji akutembeze, umuite mzee, na mwisho umpe asante ya maana.

Anza kwenye gati. Simama mahali maji yanapogusa mabaki yake na ugeuke uangalie kusini, ulikotoka. Kati ya hapa na Jinja mto ulikuwa na Ripon, Owen, Bujagali, Itanda na mikondo mingine mingi. Sasa umeyaona kwa macho, yaliyo hai na yaliyozama, na huhitaji kuelezwa kwa nini meli zilikomea hapa. Kaskazini maji ni mapana na yametulia hadi Ziwa Kyoga, ambalo halina kina kirefu, na ndiyo sababu meli zake, kama vile Speke na Stanley, zilikuwa za chini bapa zenye gurudumu la kusukuma maji nyuma. Zilitoka hapa hadi Masindi Port na bandari ndogo za Teso na Lango, zikarudi na pamba. Makuli wakaihamisha kutoka melini hadi behewani, na lugha ya kazi hiyo, kama ilivyokuwa Kisumu na Mombasa, ilikuwa Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili hapa si mgeni kabisa.

Kisha tembea polepole kutoka gatini kurudi nyuma, ukifuata ilikokuwa njia ya reli, kupita majengo ya bohari na nyumba za wafanyakazi. Tazama nafasi pana iliyoachwa kati ya majengo, kwani penye nafasi hiyo ndipo mabehewa yalipogeuzwa. Usiingie katika jengo ambalo paa lake limelegea, na usiokote chuma chochote kama ukumbusho; vingi vimeshakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na vilivyobaki ni vichache.

Bandari haikuuawa na vita wala na ushindani peke yake. Mwishoni mwa 1961 mvua zilikuwa kubwa mno katika Afrika Mashariki, Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita mbili katika miaka michache, na maji hayo yakashuka kupitia Naili hadi Kyoga, yakafunika magati ya hapa na ya Masindi Port. Wakati huo huo reli mpya ya kaskazini ilikuwa ikisogea kutoka Soroti kwenda Lira na Gulu, ikafika Pakwach mwaka 1964, na hakukuwa na sababu ya kuzifufua meli.

Ondoka Namasagali kabla ya saa 11:15 jioni, ili kilomita zote za changarawe ziishe kukiwa bado na mwanga na uwe kwenye lami ya Kamuli saa 12:00. Ukiwaona wavuvi wanarudi, nunua ngege wabichi, samaki aina ya sato, uwafunge kwa majani ya mgomba na kuwaweka kwenye buti. Nyumba nyingi za wageni za Jinja hukubali kukupikia ukiwapigia simu ukiwa Buwenge. Usijaribu kurudi Kampala usiku huo. Lala Jinja, na kama hukulitazama vizuri daraja la reli asubuhi, lipitie kesho yake kabla ya kuingia barabarani.